Maswali na Majibu: Lev Kuleshov na Montaji

1. Lev Kuleshov alikuwa nani?
Mwongozaji filamu na mwalimu wa Urusi, aliyezaliwa Tambov mwaka 1899 na kufariki Moscow mwaka 1970. Alianza kama mchoraji, akibuni mandhari za studio katika filamu za Yevgeni Bauer. Filamu yake mwenyewe, Mradi wa Mhandisi Prite, ilitoka mwaka 1918.

2. Eleza jaribio la uso wa Mozzhukhin.
Swali hili halikosekani kwenye mtihani. Kuleshov alichukua picha ya mwigizaji Ivan Mozzhukhin akiwa ametulia, uso hausemi kitu, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: hapa ana njaa, pale ana huzuni. Uso ulikuwa uleule. Maana, basi, huzaliwa pale vipande viwili vinapokutana, na huo ndio msingi wa montaji.
Tahadhari: mkanda huo haupo tena, na Kuleshov na mwanafunzi wake Pudovkin walitofautiana kuhusu picha zilizotumika. Andika "inasimuliwa", usiape.

3. "Filamu zisizo na filamu" zilikuwa nini?
Watahiniwa wengi huruka swali hili, nalo ndilo linalomweleza Kuleshov vizuri zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1917, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifanya mikanda mipya iwe adimu kabisa. Chuo cha filamu cha Moscow kilifunguliwa mwaka 1919, lakini mikanda ya kupigia picha haikutosha. Warsha ya Kuleshov ikaigiza jukwaani matukio mafupi yaliyopangwa kana kwamba yamekwisha kukatwa na kuungwa. Mwigizaji alifunzwa kupima kila mwendo wa mkono na shingo, asipoteze hata mmoja. Humo walipita Pudovkin, Boris Barnet na Aleksandra Khokhlova, mkewe Kuleshov. Kwa maoni yangu, uhaba huo ulimfundisha zaidi ya studio yoyote.

4. Jiografia bunifu ni nini?
Ni kuunganisha mahali palipo mbalimbali paonekane pamoja. Watu wanakutana Moscow, wanatazama, na mbele yao inatokea Ikulu ya Marekani.

5. Taja filamu zake mbili muhimu.
Ya Bwana West (1924) ni kichekesho: Mmarekani anafika Moscow akiwaogopa Wabolsheviki, kumbe wanaomhadaa ni matapeli. Kwa Mujibu wa Sheria (1926) imetokana na hadithi ya Jack London. Waigizaji ni wachache, sehemu kubwa inapita ndani ya kibanda kimoja, na gharama yake ilikuwa ndogo mno. Ukibanwa na muda, chagua hii.

6. Kwa nini aliacha kuongoza?
Miaka ya 1930 alishutumiwa kwa "ufomalisti", yaani kujali umbo kuliko ujumbe wa chama. Filamu yake ya mwisho ni ya 1943. Mwaka uliofuata alikabidhiwa uongozi wa chuo cha filamu, VGIK, na akaendelea kufundisha.