Kinga za Chuma Kando ya Barabara: Zinavyofanya Kazi na Wajibu Wetu

Mkazi wa Lukuledi anayesafiri kwenda Masasi au Nachingwea, ama anayepanda uwanda wa juu wa Makonde kuelekea Newala, huviona vyuma virefu vilivyofungwa kwenye nguzo penye madaraja, kona na makorongo. Hizo ni kinga. Kazi yake si kulisimamisha gari ghafla, bali kupinda, kupunguza nguvu ya mgongano na kuliongoza gari lisitumbukie.

Kinga hujaribiwa kabla ya kukubaliwa. Kwa mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009, gari dogo la kilo 1,100 na pikapu ya kilo 2,270 huigonga kinga ya barabara ya mwendo kasi kwa kilomita 100 kwa saa, kwa pembe ya nyuzi 25.

Hata hivyo, majaribio hayo huhusu hasa gari linalotangulia kugonga kwa sehemu ya mbele. Gari lililoteleza huweza kugonga kwa ubavu. Mbele ya dereva kuna boneti na injini, ambavyo hupokea sehemu kubwa ya kishindo. Ubavuni mwa abiria kuna mlango tu. Hatari huzidi gari linapogonga nguzo au ncha ya kinga, kwa kuwa nguvu yote hukusanyika mahali pamoja pembamba.

Aidha, kinga iliyofaulu majaribio ni ile iliyo kamili. Vipande vyake hushikana kama mnyororo. Anayefungua bolti ili auze chuma chakavu huukata mnyororo huo. Gari likigonga, kipande kilicholegea huweza kupenya mlangoni na kumfikia abiria, ambaye pengine ni mwanawe mwenyewe.

Hivyo basi, wananchi tunakumbushwa:

1. Kupunguza mwendo kabla ya kuingia kwenye kona, hasa mvua inaponyesha, kwani gari likianza kuteleza dereva hachagui tena upande utakaogonga.

2. Kufunga mkanda, ingawa mkanda hauwezi kuuzuia mlango usibonyee.

3. Kutonunua wala kuuza vyuma vya barabara.

4. Kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au Kata mara tuonapo kinga iliyopinda, iliyolegea au iliyoibwa. Barabara kuu na za mkoa husimamiwa na TANROADS, na za wilaya na vijijini husimamiwa na TARURA.