Upinde wa Fidla: Mageuzi ya Umbo na Uthabiti wa Jina

Makala hii inachunguza mageuzi ya upinde wa kupigia ala za nyuzi na changamoto yanayoizusha katika ufafanuzi wa msamiati wa Kiswahili. Ni bayana kwamba nomino 'upinde' imenyambuliwa kutokana na kitenzi 'pinda'. Je, umbo likibadilika, jina litadumu?

Kihistoria, upinde wa muziki ulitumika katika nchi za Kiislamu kufikia karne ya 10, na katika karne iliyofuata ulikuwa umefika Uhispania. Ulikuwa ufito uliopinda mfano wa uta wa mwindaji, nywele za mkia wa farasi zikishika nafasi ya upote. Katika karne ya 17 na ya 18 ufito huo ulizidi kunyooka. Hatimaye, mnamo miaka ya 1780, François Xavier Tourte wa Paris aliimarisha umbo linalotumika hadi leo. Aliteua mti wa pernambuko kutoka Brazili, akaupasha moto na kuupinda kuelekea kwenye nywele, yaani kinyume cha uta. Aidha, nywele zilitandazwa zikawa kama utepe. Kwa hivyo, mpigaji aliweza kutoa sauti nzito na ya kuendelea, hata kwenye ncha ya upinde.

Hapa ndipo tatizo la kileksikografia linapojitokeza. Fasili isemayo kuwa upinde ni 'fimbo iliyopinda kama uta' inaafiki upinde wa orutu ya Waluo na ule wa zeze la Wagogo, lakini inapotosha kuhusu fidla ya taarabu. Kuna wanaoweza kupendekeza istilahi mpya. Hata hivyo, pendekezo hilo halina mashiko. Neno 'kalamu' lina asili ya Kiarabu lenye maana ya tete, ilhali hakuna anayelikataa kwa sababu kalamu za leo ni za plastiki. Jina huhifadhi kumbukumbu ya umbo la awali. Matumizi ndiyo hubeba maana.

Kwa kuhitimisha, makala hii inashikilia kwamba kamusi zifafanue upinde kwa kuzingatia kazi yake: ufito wenye nywele zilizokazwa, unaosuguliwa kwenye nyuzi ili zitoe sauti. Vilevile, neno 'upote' lifaa kupanuliwa maana lirejelee nywele hizo. Mcheza kwao hutunzwa. Kiswahili nacho kitumie kwanza hazina yake.