Kuchagua Prosesa ya Kompyuta kwa Kazi ya Kuhariri Video

Kando ya bahari mjini Bagamoyo, ilipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, ngoma za makabila mbalimbali hufundishwa na kuchezwa. Kuzirekodi kwa video si kazi ngumu siku hizi, kwani hata simu ya mkononi yatosha. Ugumu huanza wakati wa kuhariri: video hukwama, na wengi hudhani kwamba dawa ni kununua kompyuta yenye prosesa ya bei kubwa kuliko zote. Chama cha wanafunzi chenye fedha kidogo huweza kukata tamaa bure. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kwa kutumia hesabu.

Ukubwa wa kazi

Video ni mfululizo wa picha tuli, kwa mfano 25 kwa sekunde. Picha yenye nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo ina nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3 za rangi, sekunde moja ya video itachukua baiti 155,520,000, na saa moja takriban gigabaiti 560.

Ndiyo sababu kamera huibana video. Katika njia ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, picha chache huhifadhiwa nzima. Nyingine huhifadhiwa kama tofauti baina yake na jirani zake. Mhariri anapotaka picha iliyo katikati, prosesa hulazimika kuanzia kwenye picha nzima na kukokotoa hatua kwa hatua. Mawimbi ya bahari na miguu ya wachezaji hubadilika katika kila picha. Kwa hiyo tofauti za kuhifadhi huwa nyingi.

Mambo matatu ya kuchunguza

Kwanza, sakiti ya kufumbua video. Tangu mwaka 2011 prosesa nyingi za Intel Core zina sakiti maalumu ya kazi hiyo. Zile za kompyuta za mezani ambazo jina lake huishia kwa herufi F hazina sehemu ya picha, na hivyo hukosa sakiti hiyo. Mnunuzi atahitaji kadi ya picha ya ziada.

Pili, idadi ya viini. Mwaka 1967 Gene Amdahl alionyesha kwamba si kazi yote inayogawanyika. Ikiwa p ni sehemu inayogawanyika na n ni idadi ya viini, basi:

Ongezeko la kasi = 1 ÷ [(1 − p) + p/n]

Tuchukue p = 0.9. Viini 4 vitaleta kasi mara 3.1, viini 8, mara 4.7, viini 16, mara 6.4 tu. Viini vimeongezeka maradufu kutoka 8 hadi 16, lakini kasi haikuongezeka maradufu.

Tatu, joto. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Katika hewa ya joto ya pwani, kompyuta nyembamba ya kubeba yaweza kushindwa na ya mezani yenye feni kubwa, hata kama gigahezi zilizoandikwa ni zile zile.

Njia ya kupunguza gharama

Programu nyingi za kuhariri huweza kutengeneza nakala nyepesi, kwa mfano ya nukta 960 kwa 540, yaani robo ya nukta za awali. Mhariri hukata na kuunga nakala hiyo, kisha programu hurudia video halisi wakati wa kutoa kazi kamili. Prosesa ya kawaida itachelewa mwishoni, lakini kazi itakamilika kwa ubora ule ule. Kwa hiyo nakala nyepesi ijaribiwe kwanza, kabla ya kununua kompyuta mpya.

Maswali

1. Ikiwa p = 0.5, viini 8 vitaongeza kasi mara ngapi?
2. Video ya nukta 3,840 kwa 2,160 ina nukta mara ngapi zaidi ya ile ya 1,920 kwa 1,080?
3. Ni ipi hubanika zaidi: video ya jengo tuli au ya ngoma? Eleza sababu.