Kabla ya Kununua Mashine ya RO, Pima Maji Yako

Maji ya visima vingi katika Kaunti ya Nakuru yana madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Hicho ndicho chanzo cha meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi hadi mtoto afike takriban miaka 8. Yakiharibikia humo, hakuna mswaki utakaoyarudisha. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki.

Mashine ya RO husukuma maji kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, na huondoa sehemu kubwa ya floraidi na chumvi. Lakini kwanza peleka sampuli ya maji yako maabara, na uombe floraidi ipimwe. Ile kalamu ya kidijitali ambayo wauzaji hutumbukiza kwenye glasi huonyesha jumla ya madini yote. Haiwezi kukuambia floraidi ni kiasi gani. Ikiwa tatizo lako ni viini tu, kuchemsha au kutia dawa ya klorini kunatosha.

Presha huwakwamisha wengi. Mashine nyingi huhitaji presha kama ya tangi lililoinuliwa mita 30, ilhali tangi la nyumbani huwa mita 3 au 4 juu. Basi chagua yenye pampu yake, ukijua kwamba stima ikipotea, nayo inasimama. Tena, kwa kila lita 1 safi, mashine nyingi humwaga lita 3 hadi 5. Anayenunua maji ya mkokoteni atalihisi hilo. Maji yanayomwagwa yakinge kwa ndoo, uoshee choo au sakafu. Usiyanywe wala kuwapa mifugo, kwani floraidi imezidi humo.

Muulize muuzaji bei ya vichujio vya kubadilisha kabla ya bei ya mashine. Kwa kawaida vile vya mwanzo hubadilishwa kila miezi 6 hadi 12, na utando kila miaka 2 au 3, mapema zaidi maji yakiwa na chumvi nyingi. Hapa ile kalamu ina kazi: andika namba inayosoma mashine ikiwa mpya, ikianza kupanda sana, utando umechoka.

Kwa mwenye paa la mabati na tangi kubwa, maji ya mvua ya kunywa na kupikia huenda yakawa nafuu kuliko mashine yoyote. Hayo yachemshe tu.