Kunde za vuli, mboga ya kiangazi

SWALI: Vuli ikinyesha hapa Voi, kunde hujaa uani hadi nagawia majirani, kufikia Februari sina hata jani. Yafaa nikaushe, au ninunue tu mboga za Wundanyi sokoni?

JIBU: Kausha. Kwenu mvua za Oktoba hadi Desemba hutegemewa kuliko za masika, kwa hiyo mavuno huja kwa mkupuo mmoja, wakati ambao kila mtu ana mboga na bei imeshuka. Za Wundanyi ni nzuri, sikatai, lakini kiangazi kikikaza nazo hupanda bei. Utaambiwa mboga kavu haina kitu. Ni kweli kwa sehemu tu: vitamini C hupotea sana, ila madini ya chuma hubaki, na vitamini A hunusurika zaidi ukianika kivulini penye upepo, si juani juu ya mabati kama wengi wafanyavyo. Chuma majani machanga, yachovye katika maji yanayochemka dakika mbili hivi, yachuje, uyatandaze juu ya wavu safi. Yakishakauka hadi kuvunjika mkononi, yafungie mkebeni, mbali na mwanga. Siku ya kupika, yaloweke kwanza, kisha tui la nazi. Ladha yake ni nzito kuliko ya kunde mbichi, na kwa ugali mimi naiona bora.