Kuandika Teknolojia Ukiwa Kalemie

Huna bosi, huna mshahara, ila umeamua kuwauzia magazeti na redio habari za teknolojia ukiwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Inawezekana, mradi uuze kile ambacho wengine hawana.

1. Simu mpya waachie watu wa Nairobi. Itawafikia kwanza na wataichambua kukushinda. Wewe una Manono, humu humu jimboni, penye moja ya akiba kubwa za lithiamu duniani, madini ya betri za simu na magari. AVZ ya Australia na Zijin ya China wamegombania leseni kwa miaka. Mwaka 2025 KoBold Metals ya Marekani nayo ikajitosa. Mhariri aliyeko London anaweza kusoma hati za mgogoro huo kitandani. Hawezi kumuuliza mama wa Manono kama kwake kuna taa. Muulize wewe, na uanze makala na jibu lake.

2. Shuka ufukweni. Wavuvi wa ndagala wanaacha karabai na kushika taa za betri. Wanazichaji wapi? Kwa bei gani? Samaki wanaziona vilevile? (Usicheke, ni swali la kweli.)

3. Umeme wa mji unatoka Bendera, kwenye bwawa la mto Kyimbi. Ukikatika, mhariri hana la kufanya, kwa hiyo usimwandikie malalamiko. Kazi iwe tayari kabla ya siku ya mwisho. Namba za simu za mhariri ziandike kwenye karatasi pia: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 nchi ilikaa karibu siku 20 bila intaneti, na aliyeweza kupiga simu ya kawaida ndiye aliyefikisha habari.

4. Saa. Kalemie ikiwa saa tatu asubuhi, Kigoma ni saa nne na Kinshasa ni saa mbili. Uliza "saa ya wapi?"

5. Kupaji, ile bahasha ya mwisho wa mkutano, ikatae kwa upole. Kampuni ya simu ikikulipia teksi leo, kesho utaandikaje kwamba mega zake zinaisha kabla ya wakati? Najua njaa inauma. Ndiyo maana namba 7 ipo.

6. Soma Sheria ya Dijitali ya Kongo (Code du numérique) ya 13 Machi 2023. Habari ya uongo inaweza kukuponza hata kama uliisambaza tu.

7. Bei mwafikiane kabla ya neno la kwanza, tena kwa dola, kwa kuwa faranga ya leo si ya mwezi ujao. Uliza ada ya M-Pesa au Airtel Money inalipwa na nani. Safari ya Manono je? Omba nusu kabla ya kupanda pikipiki, maana mafuta ya barabara ile hayauzwi kwa mkopo.