Umeme Tuli na Vipuri vya Elektroniki

Katika masomo ya fizikia umeme tuli hufundishwa mapema: rula ya plastiki husuguliwa kwenye nywele, vipande vya karatasi vikairukia, darasa likacheka, na jambo likaishia hapo. Kwa mwalimu wa maabara haliishii hapo, kwani umeme ule ule huweza kuua transista pasipo mtu kuhisi kitu.

Tuichukue transista ya aina ya MOS, ambayo ndiyo tofali la kujengea kompyuta na simu. Lango lake hutenganishwa na silikoni kwa utando wa oksidi, ambao ni kihami. Utando huo hutoboka kwa takriban volti 1 kwa kila nanomita 1 ya unene. Katika miaka ya 1970 unene ulikuwa nanomita 100 hivi, kwa hiyo volti 100 zilitosha. Siku hizi ni nanomita chache tu. Waundaji hutia ndani ya saketi njia za kupitishia chaji pembeni, lakini njia hizo zina kikomo.

Sasa tuutazame mwili wa binadamu, ambao ni kapasita ya pikofaradi 100 hivi. Mtu huanza kuhisi cheche volti zinapokaribia 3,000. Nishati yake, yaani nusu ya kapasitansi mara mraba wa volti, ni jouli 0.00045. Kwa ngozi ni kidogo mno. Lakini ndani ya kipuri humwagika mahali padogo kuliko ncha ya sindano. Hivyo kati ya volti 100 na 3,000 mkono huharibu bila mwenye mkono kujua. Tena pengine kipuri hakifi papo hapo, bali hujeruhiwa tu, kikafanya kazi majuma kadhaa ndipo kikakwama, na lawama ikamwangukia aliyekiuza.

Hewa yenye unyevu husaidia chaji kuvuja. Mwalimu wa Tanga ana nafuu kuliko mwenziwe wa Dodoma wakati wa kiangazi, ingawa nafuu si kinga.

Mafundi huvaa kikuku kilichounganishwa na ardhi kupitia kikinza cha omu 1,000,000. Wanafunzi huuliza, na ni swali zuri: kwa nini kikinza, hali twataka chaji ipite? Zidisha omu hizo kwa pikofaradi 100, utapata sekunde 0.0001, chaji huisha upesi vya kutosha. Na mkono mwingine ukigusa waya wa volti 230, mkondo utakuwa miliampea 0.23 tu. Kujifunga kwenye ardhi kwa waya mtupu ni kujitafutia mauti.

Asiye na kikuku na aguse bomba la chuma lililozama ardhini kabla ya kushika kipuri, na arudie kila ainukapo kitini. Kipuri kishikwe ubavuni, si miguuni, kisha kihifadhiwe katika karatasi ya aluminiamu ili miguu yote iwe na volti sawa. Ila saketi yenye betri isifungwe hivyo. Lile povu jeupe jepesi la kufungia vyombo, ambalo wengi hulipenda kwa ulaini wake, lisikaribishwe mezani kabisa.